Sangala adimu: Meza za Gitega na Muyinga zinawategemea majirani

GITEGA. Mji huu, makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, hauna ziwa. Hata hivyo soko lake halikosi samaki: ndagala waliokaushwa, mukeke na, kwa bahati, sangala, ambaye hoteli humwandika kwa Kifaransa, capitaine.

Mtanzania wa Mwanza akisikia jina hilo hudhani mwenyeji amekosea kutamka sangara. Hajakosea. Sangara wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa, ni binamu tu. Wote ni wa jamii ya Lates, na hata mukeke mdogo, ambaye hazidi sana sentimita 45, ni wa ukoo huo. Ziwa Tanganyika lina aina nne za Lates zisizopatikana kwingine duniani. Watatu wakubwa ndio wavuvi wa michezo huwafuata kwa ndoano, hasa upande wa Zambia katika eneo la Nsumbu.

Kwa mlaji wa Gitega, sangala si mchezo. Ni samaki aliyepanda mlima. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, Gitega iko karibu mita 1,500, na kati yao kuna kilomita zipatazo 100 za kona. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi miaka ya karibuni hufanya kila kilomita kati ya hizo iwe ghali, na samaki mbichi hasubiri foleni ya petroli.

Muyinga, kaskazini mashariki, iko mbali zaidi na Tanganyika lakini ina mlango mwingine. Mpaka wa Kobero, unaotazamana na Kabanga ya wilaya ya Ngara, Tanzania, ni njia ya bidhaa nyingi, na dagaa wa Ziwa Victoria huuzwa Burundi. Tangu Burundi ifunge mpaka wake na Rwanda Januari 2024, mlango huo umezidi kuwa muhimu. Jambo la ajabu ni kwamba maji huenda kinyume na samaki. Mito ya Gitega na Muyinga haimwagiki Tanganyika. Huingia Ruvubu, kisha Kagera, hadi Victoria. Udongo unaomomonyoka katika vilima hivi humfuata sangara, ilhali sangala wa mezani hutoka bonde jingine kabisa.

Huko bondeni sangala mkubwa amepungua kwa muda mrefu. Uvuvi wa viwanda kwa nyavu za kuzungusha ulianza upande wa Burundi miaka ya 1950, na katika sehemu ya kaskazini ya ziwa Lates wakubwa ndio walioadimika mapema. Vifaranga vyao hujificha kwenye majani ya majini karibu na ufukwe. Kokoro likiburutwa hapo, au tope la mvua likifunika majani hayo, samaki wa kesho amekwisha.

Joto nalo limeongeza tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, hali inayoweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na ndagala, ambao ndio chakula cha Lates, hukosa malisho.

Burundi ina asilimia 8 tu ya ziwa. Kongo ina 45, Tanzania 41 na Zambia 6. Kwa hiyo kanuni za Bujumbura pekee hazimwokoi samaki anayevuka mipaka bila pasipoti. Mkataba wa nchi hizo nne ulisainiwa Dar es Salaam Juni 12, 2003, na ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya kikanda.

Kufunga ni sahihi, lakini gharama haigawanywi sawa. Mvuvi huonekana na hutajwa. Mama anayeuza ndagala Gitega hatajwi, ingawa mtaji wake hukauka miezi ile ile. Mpango wa ziwa unaoishia ufukweni ni nusu ya mpango.

Mabwawa ya perege yanayochimbwa katika mabonde ya ndani yanaweza kuziba sehemu ya pengo. Hayawezi kumleta sangala, mwindaji anayehitaji ziwa zima na ndagala wengi wa kuwinda. Soko la pamoja nalo lina ukomo wake: Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007 na Kongo 2022, lakini Zambia, yenye asilimia 6 ya maji hayo, bado iko nje.