Bei ya Sukari na Bei ya Bunduki

Juma moja kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa nimesimama katika duka la jumla mjini Eldoret, si mbali na steji ya magari yaendayo Malaba, nikamsikia mwalimu mmoja akilalamikia bei ya sukari. "Mama, sukari kama hii niliinunua ng'ambo ya mpaka mwezi uliopita kwa bei nafuu kuliko hii," alisema. Mwenye duka hakukasirika. "Basi ungelibeba gunia zima, mwalimu, ukatuuzia na sisi," akamjibu, na sote tuliokuwapo tukacheka. Mwalimu alilipa, akapakia kilo zake kumi kikapuni, akatueleza kwamba anazipeleka shuleni kwake bondeni Kerio, ambako sukari ni ghali hata kuliko hapa Eldoret.

Swali lake halikuwa la mzaha. Uganda haina bahari. Shehena yake hushushwa Mombasa, ikapita Nairobi, ikapita katikati ya mji wetu huu, ndipo ikavuka mpaka. Kwa hesabu ya mtoto wa darasa la nne, kila kitu kingepaswa kuwa ghali zaidi huko kuliko huku. Na kwa baadhi ya vitu ndivyo ilivyo. Bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret mwaka 1994, na kwa miaka mingi malori yalijaza petroli hapa na kuipeleka Kampala. Januari 2022, madereva walipogoma mpakani kwa ajili ya masharti ya kupimwa Korona, lita moja ilipita shilingi 10,000 za Uganda katika sehemu kadhaa za nchi hiyo. Siku hizo hatukumsikia mtu wa Eldoret akitamani kuishi Tororo.

Lakini mahindi, mayai, maziwa na sukari huelekea upande wetu, na bidhaa, kama maji, haipandi mlima bila kusukumwa. Wapo wasemao kwamba sababu ni kodi. Hoja hiyo haitoshi. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18, ilhali yetu ni asilimia 16. Forodha nayo ni ya pamoja: tangu mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya, ambao kwa sukari ni asilimia 100 na kwa mahindi ni asilimia 50, ijapokuwa kila nchi huomba misamaha yake. Ukuta wa nje ni mmoja. Tofauti imo ndani ya ukuta.

Tuanze na mahindi, maana ndiyo tuyajuayo. Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mwezi wa Machi au Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Nyanda zetu ni za baridi, na mbegu zinazostawi hapa, kama ile H614 ya Kitale, huchukua miezi sita na zaidi kukomaa. Kwa hiyo huvuna mara moja kwa mwaka, na katika mavuno hayo mamoja huna budi kurudisha gharama ya trekta, mbegu, vibarua, na mbolea iliyosafirishwa kutoka Mombasa. Mwenzake wa Busoga ana misimu miwili ya mvua, shamba lake haliko katika baridi, na aghalabu hatumii mbolea ya kununua. Mavuno yake ya kwanza huingia sokoni katikati ya mwaka, wakati ghala zetu zinakaribia kuwa tupu. Mkulima wetu hamlaumu Mungu kwa mvua. Huilaumu serikali kwa kuwaruhusu wanunuzi kuvuka Busia.

Sukari ni habari nyingine, na hapo mvua haina kosa. Kwa miaka mingi nchi yetu imetumia sukari kuliko inayozalisha. Viwanda vya umma vya magharibi vilizeeka vikiwa na madeni, na Mumias, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Pengo hujazwa kwa sukari ya nje, na sukari ya nje huhitaji kibali. Mwenye kibali wakati wa uhaba hauzi sukari tu, huuza na kibali chenyewe. Uganda, iliyokuwa na ziada, iliomba kutuuzia; mapatano ya Agosti 2015 kati ya Rais Kenyatta na Rais Museveni yalizua kelele kubwa katika mikoa ya miwa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalipigwa marufuku kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye marufuku ikaondolewa kwa masharti. Sisemi kwamba sumukuvu ni uzushi, maana imewahi kuua watu katika nchi hii. Nasema kwamba mfanyabiashara asiyejua kama lango litakuwa wazi kesho huiingiza hofu yake katika bei, na mnunuzi wa Eldoret huilipa.

Wazee wanakumbuka kwamba mkondo huu uliwahi kwenda kinyume. Baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, ilhali utawala wa Idi Amin uliendelea kumlipa mkulima wa Uganda senti chache. Kahawa ikavushwa usiku hadi soko la Chepkube, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, nayo sabuni, chumvi na sukari zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Watu wa Chepkube waliofika kwa miguu waliondoka na magari. Hapakuwa na barabara ya lami wala ofisi ya forodha mahali pale. Palikuwa na tofauti ya bei, na hiyo ilitosha.

Nimeitaja Chepkube kwa sababu ipo bidhaa nyingine inayovuka mpaka huo huo mpaka leo bila kibali, bila ushuru na bila kupimwa sumukuvu. Ni bunduki. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, Wakaramojong walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto na kuchukua maelfu ya bunduki. Vita vya Sudan vikaongeza nyingine. Kutoka huko zikashuka kwa Waturkana, Wapokot na majirani zao, zikipanda bei kidogo kila zilipobadilisha mikono, kama mzigo wowote. Kwa mujibu wa takwimu zinazonukuliwa mara nyingi, huko Kolowa, katika kaunti ya Baringo, AK-47 moja iliuzwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986. Mwaka 2005 ilikuwa ng'ombe wanne. Mtafiti Phillip Killicoat, aliyelinganisha bei za bunduki za aina hii duniani, aliandika mwaka 2007 kwamba barani Afrika zilikuwa nafuu kwa takriban dola 200 kuliko kwingineko, kwa sababu mipaka yetu inapenyeka.

Tazama basi kichekesho hiki kisichochekesha. Yai la kuku wa Mbale huulizwa stakabadhi Malaba, ilhali bunduki hupita porini bila kuulizwa na mtu. Tena bunduki haiozi, wala haiishi kama mahindi ya ghalani. Iliyoibwa Moroto mwaka 1979 ingali inaweza kufyatua leo, mradi ipate risasi.

Na risasi je? Hapa ndipo sisi watu wa Eldoret tunapopaswa kunyamaza kidogo. Katika mji huu mna kiwanda cha serikali cha risasi, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa mitambo ya Ubelgiji, ili kuvihudumia vyombo vya usalama. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ilichapisha utafiti kuhusu Turkana Kaskazini, ikasema kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa huko kinyume cha sheria zilitokana na vyombo vya dola vya Kenya, hasa polisi, na kwamba Waturkana walipewa ili wajikinge dhidi ya majirani. Miongoni mwake zilikuwamo zilizotengenezwa hapa Eldoret. Mkulima wa Moiben hununua mbolea kwa fedha taslimu, na hali mwenye bunduki huenda akapewa chakula cha bunduki yake bure.

Serikali zimejaribu kuzikusanya. Uganda ilianza huko Karamoja mwishoni mwa 2001, ikarudi kwa nguvu mwaka 2006, na tena mwaka 2021. Kenya ilikuwa na operesheni ya Dumisha Amani mwaka 2005. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ilizitaka nchi za eneo hili zitende kwa pamoja, lakini aghalabu kila moja imetenda kwa wakati wake. Anayepokonywa kwanza huvamiwa kwanza. Akishavamiwa huuza ng'ombe waliosalia anunue bunduki nyingine, na muuzaji yuko karibu, ng'ambo ya pili, ambako msako haujafika. Mwaka 2023 Rais Museveni aliwapa wafugaji wa Kiturkana walioko Uganda miezi sita wasalimishe silaha au waondoke. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, Kenya ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita zilizokumbwa na ujangili, wakati baadhi ya shule za Baringo zilikuwa zimehamwa na walimu na wanafunzi pia.

Sasa nimrudie yule mwalimu wa dukani. Mama alimwuliza kwa nini sukari ya bondeni ipande hivyo, maadamu Iten si mbali na lami imefika. Mwalimu alieleza kwamba lori la bidhaa haliteremki tena kila siku kama zamani. Mwenye lori hungoja wenzake wawe watatu au wanne, na ikisikika kwamba milio imesikika usiku, hungoja siku mbili zaidi. Dereva hudai malipo ya ziada, na mwenye kibanda cha shuleni huyaweka juu ya kila kilo. "Kwa hiyo mimi nabeba yangu," alisema. Mama akachukua kikapu, akamwongezea nusu kilo bila kupima, akamwuliza gari la Iten linaondoka saa ngapi.