Keki ya Isevya na Uzito wa Hewa

Alasiri moja, katika ua wa nyumba ya Isevya mjini Tabora, nilimwona binti akifunua sufuria iliyowekewa makaa juu na chini, na keki ambayo punde kabla yake ilikuwa imeumuka hata ikagusa mfuniko ikatitia katikati mbele ya macho yetu, ilhali kingo zake zimekwisha kukauka. Alikuwa amefuata neno kwa neno maelekezo aliyoyapata katika simu, wala hakukosea hesabu. Shangazi yake, aliyekuwa akichambua mchele kando, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, aliyeandika hayo anapika kwao, nawe unapika Tabora." Kwa maneno hayo machache aliieleza fizikia yote ya jambo lile.

Tabora imeinuka takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kadiri ya asilimia 13 kuliko ule wa Unguja au Dar es Salaam, hata maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Keki huumuka kwa hewa ya ukaa itokayo katika beking pauda ikutanapo na umajimaji na moto. Na viputo vya hewa hiyo, visipopata hewa nzito ya kuvikandamiza, hutanuka kupita kiasi, vikapasuka kabla yai na unga havijashikamana vikawa kuta imara. Basi maelekezo yaliyojaribiwa pwani huweza kuwa ya kweli kabisa huko pwani, yakakosa ukweli wake yafikapo Unyanyembe, nchi hii ya Tabora. Dawa si ngumu: kila kijiko cha chai cha beking pauda kipunguzwe sehemu moja ya nane, na maziwa au maji yaongezwe kidogo.

Lakini nadhani madhara makubwa zaidi hutoka katika neno dogo "kikombe". Kikombe cha Marekani huchukua takriban mililita 237, cha Australia 250, na cha Uingereza ya zamani 284. Tena kikombe hicho hicho cha Marekani hubeba gramu 120 hivi za unga ukikijaza taratibu kwa kijiko, na karibu 150 ukikitumbukiza ndani ya mfuko. Watu wa misafara, waliotoka Bagamoyo wakapita hapa kwenda Ujiji, waliijua taabu hii, kwani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na kibaba hakikuwa kimoja kila mahali. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza kipimo kilichosawazishwa kwa kisu, nayo ilikuwa hatua njema. Ila kisu husawazisha uso tu, hakina habari ya unga ulioshindiliwa chini. Mizani ndiyo inayojua. Yai la kuku wetu wa kienyeji nalo, aghalabu, ni dogo kuliko lile la gramu 50 bila ganda, ambalo Wamarekani hulikusudia wasemapo yai kubwa.

Kwa hiyo mimi huyapima maelekezo kabla ya kuupima unga. Nikiona yametaja gramu, na upana wa chombo, na joto lililobainishwa kuwa ni la Selsiasi au la Farenhaiti (kwani 350 za Farenhaiti ni 177 tu za Selsiasi), huanza kuyaamini. Na yakieleza dalili, yaani rangi, harufu, na namna uso unavyorudi ukibonyezwa kwa kidole, huyasoma kwa heshima, maana jiko la mkaa halina namba, na dalili ni ile ile pwani na bara.

Shangazi yule aliuroweka mchele wake usiku kucha, akausaga kwa tui la nazi iliyoletwa kutoka pwani, akatia sukari, iliki na hamira, akauacha uumuke. Niliporudi kesho yake mkate wa kumimina ulikuwa motoni. Alifunua kidogo, akachoma katikati kwa kijiti cha chelewa, akakipitisha baina ya vidole viwili.

"Bado," akasema, akafunika, akaongeza makaa mawili juu ya mfuniko.