Paka Wako Ni Mashoto?

Tia kipande cha jodari ndani ya chupa ambayo mdomo wake unapitisha mguu wa paka lakini haupitishi kichwa. Atanusa, atasukuma pua bila mafanikio, kisha atainua mguu mmoja wa mbele na kuanza kuchokoa. Upi? Deborah Wells na Sarah Millsopp wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwapima hivyo paka 42, nusu majike na nusu madume, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Karibu majike wote walitumia mguu wa kulia. Karibu madume wote, wa kushoto.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Paka hao hao walipoletewa kitu cha kuchezea, kikining'inizwa juu yao au kuburutwa sakafuni, walikipiga kwa mguu wowote. Ugumu wa kazi ndio unaofichua upande. Hata sisi, mlango tunausukuma kwa mkono wowote, lakini uzi kwenye tundu la sindano ni kazi ya mkono mmoja. Kwa hiyo usimhukumu paka wako kwa jinsi anavyomrukia nzi.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo hicho waliwafuatilia paka 44 majumbani mwao. Wengi walikuwa na mguu wanaopendelea kuutanguliza wanaposhuka ngazi au kuingia kwenye trei ya choo, na majike waliegemea tena kulia, madume kushoto. Katika kulala, wengi hawakuwa na ubavu maalumu.

Homoni zinashukiwa kuleta tofauti hiyo ya jinsia. Upande wenyewe una uzito wake: mguu wa kushoto huongozwa na nusu ya kulia ya ubongo, ambayo kwa wanyama wengi hushughulika sana na woga. Ndiyo maana Wells anadhani mnyama anayetumia mguu wa kushoto huenda akaelemewa upesi na misukosuko. Ni dhana, lakini naiona inastahili kufuatiliwa, hasa na wanaotunza paka waliookotwa mitaani.

Ukitaka kupima nyumbani, iweke chupa katikati, mbele ya paka kabisa, kwani ikikaa pembeni atatumia mguu ulio karibu. Rudia kwa siku kadhaa huku ukiandika kila mchokoo. Mtoto wa paka mwache kwanza: utafiti wa 2012 ulionyesha kwamba wa wiki 12, hata wa miezi sita, mara nyingi bado hutumia miguu yote miwili, na upande hujidhihirisha akifikisha mwaka.