Istilahi za Programu Huria na Urithi wa Kiunguja

Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja, isemwayo Mji Mkongwe na viungani mwake, iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili hicho. Programu huria, Linux ikiwamo, hutegemea sana watu wanaojitolea kuelekezana. Na hapo ndipo istilahi hupimwa. Kwa mfano, mwelekezaji akitaja "hifadhi" ilhali kioo kinaonyesha "okoa", neno linalodokeza kuepushwa na hatari, mwanafunzi hukwama kabla ya kulifikia tatizo lenyewe. Kwa hiyo, usanifishaji wa istilahi si suala la kamusi pekee, bali ni sharti la kusaidiana.