Cefuroxime: dawa ya mtu, hapana ya kuku



Wakati tulikuwa tunatembelea mashamba ya tomati, mama mumoja wa koperative alinionyesha vidonge sita ndani ya karatasi. Alijikata muguu na jembe, kidonda kikaingia usaha, na munganga akamuandikia Cefuroxime: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mangaribi, siku saba. Hivyo ni vidonge 14. Kisha siku ine maumivu ikapunguka, akaacha. Vile sita alitaka kuvisaga mu maji ya kuku, juu kuku zake zilianza kufa.

Mimi ni agronome, si munganga. Lakini shida hii naijua kutokea shambani.

Ukipiga dawa ya vidudu nusu kipimo, vile vizaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabakia na kuzaa. Msimu wenye kufuata, dawa ile ile haifanyi kitu. Mikrobi nazo ni vile vile. Kujisikia muzuri hakumaanishe zote zimekufa.

Cefuroxime ni antibiotiki ya jamaa yenye kuitwa sefalosporini. Inaua bakteria kwa kuharibu ukuta wao. Haiuwe virusi, kwa hiyo haiponyeshe mafua. Malaria pia haiponyeshe.

Kama munganga amekuandikia:

- Kunywa kisha kula. Mwili unaipokea vizuri zaidi.
- Meza kidonge kizima na maji. Usikisage: ni kichungu sana.
- Fuata saa na siku zenye ziliandikwa, hata kama umepata nafuu.
- Kama penisilini ilikuletea vipele ao kuvimba, sema mbele ya kupewa dawa.
- Uso ukivimba ao pumzi ikikatika, acha dawa na ukimbie hospitali. Ukiharisha sana, rudia munganga.
- Usigawie jirani. Homa yake inaweza kuwa ya malaria.

Na kuku je? Kuku zikikufa nyingi kwa mara moja, mara nyingi ni ugonjwa wa Newcastle. Huo ni virusi. Hakuna antibiotiki yenye kuuponyesha. Kinga yake ni chanjo, na inafaa kutolewa mbele ugonjwa ufike. Tena, dawa ukiitia mu maji, hakuna mwenye kujua kila kuku imekunywa ngapi. Dawa inaweza kubakia mu mayai yenye watoto wetu wanakula, na mikrobi zenye zimezoea dawa zinatoka mu kibanda cha kuku mpaka mu mikono yetu. Ita veterineri.

Yule mama nilimuomba arudi kituo cha afya siku ile ile, juu muguu ulikuwa umeanza kuvimba tena. Nilimwambia abebe vile vidonge sita, amuonyeshe munganga, aseme wazi siku yenye aliacha. Munganga ndiye atajua kama ataendelea navyo ao atabadilisha dawa.

Nawe, kama uko na vidonge vyenye vilibakia mu nyumba, usivitupe mu maji wala mu shamba. Virudishe ku kituo cha afya.