Kumbe Mke Mwenzangu ni Kereng'ende!

Msomaji wangu, ndoa ya mbali isikie tu kwa wenzio. Mume wangu alipohamishiwa Kigoma kikazi, mimi nilibaki Dar na simu. Siku za kazi hakukuwa na neno. Balaa lilikuwa Jumamosi asubuhi: simu inaita weee, haipokelewi. Akija kupiga saa tano, eti, "Nilikuwa mtoni, mke wangu." Mtoni na nani?

Novemba nikaomba likizo, nikapanda ndege bila kumwambia. Alinipokea kwa furaha, tukala migebuka, nami sikuuliza kitu. Jumamosi alfajiri akaniamsha: "Vaa viatu vya tope, ukamwone mke mwenzio."

Tukapita Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, tukashuka kwenye bonde la Mto Luiche. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na majani yameanza kuchipua. Mume wangu akatoa kamera, akapiga magoti kwenye tope. Mbele yake, juu ya unyasi, alikuwa ametua kereng'ende mwekundu.

"Usisogee, kivuli chako kitamfukuza," akaninong'oneza.

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Wale wanene hutua wamekunjua mabawa. Wale wembamba kama njiti, wengi huyafunga mgongoni. Asubuhi na mapema miili yao bado ina baridi, hawaruki haraka, kwa hiyo ndiyo saa yao ya kupigwa picha. Lenga macho, shuka usawa wake, sogea taratibu. Akiruka usimkimbize: mara nyingi hurudi palepale.

Kisha akanionyesha wawili walioungana. Dume humshika jike nyuma ya kichwa kwa ncha ya mkia, naye jike hujikunja mpaka miili yao inafanya umbo la moyo. Nikasema, jamani, mapenzi hayo! Akacheka. Kwa aina nyingi, dume huendelea kumshikilia jike hata anapotaga, ili dume mwingine asimpate. Ni ulinzi, si mahaba.

Nikanyamaza. Nilijiona mimi na simu yangu.

Jumapili tukaenda kwenye mawe ya ufukweni. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470, na kwenye mwambao wake anaishi kereng'ende mwembamba aitwaye kitaalamu Platycypha pinheyi. Tulimsubiri saa mbili, hakutokea.

Lakini katika saa hizo nilimwambia ukweli: nilidhani ana mtu. Hakukasirika. Akasema, "Jumamosi ndiyo siku ya upweke kuliko zote. Na ukipiga, unauliza niko wapi na niko na nani. Huulizi kama nimelala vizuri." Iliniuma, maana ni kweli.

Uhamisho bado haujapatikana, na sikudanganyi kwamba wivu umekwisha. Ila Jumamosi sipigi tena asubuhi. Saa tano anapiga yeye, anatuma picha, nami namuuliza amelalaje.

Nanyi mkitaka kujaribu, kamera ya kawaida inatosha. Waulizeni wenyeji kwanza kuhusu mamba, kisha kaeni kimya pamoja. Kimya cha wawili walio karibu kina faida yake.