Nani Amtuzaye Nani? Hadhira, Tuzo na Matangazo Mubashara ya Michezo ya Video

Utangulizi

Katika sanaa za maonyesho za Waswahili, hadhira ndiyo imtuzayo fanani. Ukumbini mwa taarabu, mtazamaji aliyeguswa na ubeti huinuka, hujongea jukwaani kwa madaha na kumkabidhi mwimbaji noti mbele ya kadamnasi. Kitendo hicho huitwa kutunza au kutuza, nacho kina uhusiano wa moja kwa moja na nomino tuzo. Anayetoa hutambulika, anayepokea huheshimika, na wote waliohudhuria huwa mashahidi.

Tangu miaka ya 2010 limezuka onyesho ambalo ndani yake mwelekeo wa tuzo umegeuzwa. Mtu hukaa mbele ya kioo cha simu au kompyuta, akamtazama mwenzake akicheza mchezo wa video mubashara kupitia intaneti, na baada ya muda uliowekwa ni yeye mtazamaji anayepewa zawadi. Makala haya yanaeleza zawadi hizo ni zipi, hupatikanaje, hutolewa kwa sababu gani, na humgharimu nini kijana wa mahali kama Kinakomba, wadi iliyo kando ya Mto Tana katika eneobunge la Galole, Kaunti ya Tana River, nchini Kenya.

Pambo lisiloongeza nguvu

Zawadi inayozungumziwa hapa si fedha. Ni pambo: vazi la mhusika, rangi ya bunduki, mtindo wa kucheza ngoma, au nembo ya kuwekwa kando ya jina la mchezaji. Vijana wengi huliita skini. Pambo la aina hii halimwongezei mchezaji kasi wala nguvu. Hubadilisha tu sura yake machoni pa wenzake.

Biashara ya mapambo haya ina historia fupi. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi katika mchezo wa Oblivion kwa dola 2.50 za Marekani, na wachezaji wengi wakakejeli. Mwaka 2009 kofia ziliingizwa katika mchezo wa Team Fortress 2, na mwaka 2011 mchezo huo ukaanza kutolewa bila malipo. Michezo ya Fortnite na Free Fire, iliyotoka mwaka 2017, ilijengwa juu ya msingi huohuo: kuingia ni bure, kujipamba ni kwa fedha. Jambo hili lisimshangaze msomaji. Kofia ya viua ya Lamu haimfanyi mvaaji awe mwepesi wa kutembea, lakini humtambulisha barazani. Thamani ya pambo hutokana na jicho la mtu mwingine.

Namna tuzo ipatikanavyo

Jukwaa mashuhuri zaidi la matangazo haya ni Twitch, lililoanzishwa mwaka 2011 na kununuliwa na Amazon mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 970. Huduma yake ya kuwatuza watazamaji huitwa Drops. Utaratibu wake una hatua nne. Kwanza, mtazamaji hufungua akaunti ya Twitch na kuiunganisha na akaunti yake ya mchezo husika. Pili, humtafuta mtangazaji aliyeshirikishwa katika kampeni ya wakati huo. Tatu, hutazama kwa muda uliotajwa: pengine nusu saa kwa nembo ndogo, pengine saa nne au zaidi kwa vazi kamili. Nne, muda ukitimia, sharti aidai zawadi yake mwenyewe kabla ya muda wa kudai kwisha. Asipofanya hivyo saa zake zote hupotea. Waandalizi wengine wa michezo wamewahi kutoa zawadi kama hizi kupitia YouTube, hasa wakati wa mashindano makubwa.

Nani hufaidika?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Aprili 2020, wakati kampuni ya Riot Games ilipoujaribisha mchezo wake mpya, Valorant. Ruhusa ya kuucheza iligawiwa kupitia matangazo ya Twitch: aliyetaka kuingia alilazimika kutazama na kungoja bahati yake. Watazamaji waliokuwapo kwa wakati mmoja walizidi milioni moja u nusu, na mchezo ambao karibu hakuna aliyekuwa ameucheza ukawa gumzo la dunia kwa juma zima.

Hapo ndipo siri ya tuzo inapojitokeza. Kulichora vazi la kidijitali ni kazi, lakini kulinakili mara milioni moja karibu hakugharimu kitu. Kwa nakala hizo mwenye mchezo hupata umati. Mtangazaji hupata watazamaji. Na jukwaa hupata macho ya kuyauzia matangazo ya biashara. Mbinu hii si ngeni. Katika miaka ya 1930 kampuni za sabuni nchini Marekani zilidhamini michezo ya kuigiza redioni ili akina mama wasikilize bila malipo na kusikia sifa za sabuni. Mwaka 1977 mtaalamu wa mawasiliano Dallas Smythe alihoji kwamba katika vyombo vya habari vya kibiashara bidhaa inayouzwa hasa ni hadhira yenyewe, nayo huuzwa kwa watangazaji wa bidhaa. Tuzo za Twitch zinaiweka hoja hiyo peupe: safari hii hadhira inajua kwamba muda wake una bei, na inalipwa kwa pambo.

Hesabu ya kitu cha bure

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali ni kiasi cha kuinama. Tangazo la picha safi linalopitisha megabiti 6 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 2.7 kwa saa. Kwa saa nne ni gigabaiti 10.8. Picha hafifu inayopitisha robo ya megabiti kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa hizo nne. Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo haioni tofauti hiyo. Kijana anayenunua vifurushi vya data kwa shilingi chache chache huiona. Kama nyumbani hakuna umeme, huongeza pia ada ya kuchaji simu. Hivyo basi, vazi lilelile lililo bure kwa kijana wa London lina bei kwa kijana wa Kinakomba, na bei hiyo halipwi mtengenezaji wa mchezo bali kampuni ya simu. Anayeamua kutazama na ateremshe ubora wa picha. Muda huhesabiwa vilevile.

Hadhira isiyotazama

Upo utata mwingine unaowahusu zaidi wanafunzi wa fasihi. Kwa kuwa kinachopimwa ni muda, wengi huwasha tangazo, wakazima sauti, kisha wakaenda shambani au wakalala. Kimahesabu wamehudhuria, kisanaa hawapo. Nadharia ya fasihi simulizi hufundisha kwamba hadhira ni sehemu ya utunzi: huitikia, hukosoa, humwongoza fanani. Hadhira iliyolipwa ikae tu haifanyi lolote kati ya hayo, na fanani hawezi kujua nani amekuja kwa ajili yake na nani amefuata vazi.

Wapokomo, ambao Kinakomba ni sehemu ya nchi yao, wanayo historia inayofaa kulinganishwa na hali hii. Ngoma yao takatifu, Ngadji, ilisikika na wengi lakini iliruhusiwa kuonwa na wachache. Nguvu yake ilitokana na kutotazamwa ovyo. Maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, ikaishia katika ghala za British Museum mjini London. Kwa Ngadji, haki ya kutazama ilikuwa heshima iliyopatikana kwa kupitia ngazi za jamii. Katika matangazo mubashara, kutazama ni kibarua kinachopimwa kwa dakika.

Umiliki na udanganyifu

Aidha, ifahamike kwamba pambo lililopatikana si mali ya mtazamaji kwa maana ya kawaida. Ni ruhusa ya kulitumia maadamu mchezo upo. Februari 2022 serikali ya India ilipiga marufuku Free Fire. Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa The Crew, na hata waliokuwa wameununua hawakuweza kuucheza tena.

Hatari nyingine ni ulaghai. Matapeli hurudia video za zamani za wachezaji mashuhuri kana kwamba ni mubashara, wakaahidi mavazi ya bure kwa atakayeingia katika tovuti yao na kuandika nywila. Tuzo halali huunganishwa kupitia tovuti ya mchezo wenyewe au ya jukwaa lenyewe. Haiombwi kwa kumtumia mtu nywila, wala hailipiwi ada ya kuifungulia. Akaunti iliyoibwa huondoka na mapambo ya miaka mingi, na pengine na namba ya simu iliyosajiliwa humo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tuzo ya mtazamaji si hisani wala si wizi, ni mapatano. Mwanazuoni Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba zawadi huleta wajibu wa kurudisha. Hapa wajibu hutangulia: mtazamaji hulipa kwanza kwa saa zake, kisha hupewa. Kipimo cha haki kwa kijana ni chepesi. Ikiwa angelitazama onyesho hilo hata bila vazi, basi vazi ni nyongeza njema. Ikiwa analitazama kwa ajili ya vazi tu, anafanya kazi, na inampasa ajumlishe data, umeme na usingizi aliopoteza kabla ya kuuita ujira huo bure.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, uwanja huu unadai utafiti. Istilahi za fanani, hadhira na tuzo zilizaliwa katika maonyesho ya ana kwa ana. Yafaa zipimwe upya mbele ya onyesho ambalo fanani yuko ng'ambo, hadhira iko kando ya Mto Tana, na mtoaji wa tuzo ni mtu wa tatu asiyeonekana na yeyote kati yao.